Kabla hujaandika "Myop aliogopa"

Wadogo zangu mnaoanza uchambuzi, nimetoka kusoma insha zenu kuhusu "The Flowers" ya mwandishi Mmarekani Mweusi Alice Walker, hadithi fupi iliyomo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1973. Myop, binti wa miaka 10, anatoka kuchuma maua, na mbali na nyumbani anakanyaga fuvu la mtu. Karibu nyote mmeandika kwamba aliliogopa. Nani kawaambia?

1. Hadithi yenyewe haifiki hata kurasa tatu. Isomeni mara tatu kabla ya kushika kalamu.

2. Tukio si dhamira, yaani si wazo kuu la hadithi. Nawasumbua kwa hili kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka mwaka wangu wa kwanza. Nilikuta fuvu hadithini, nikashtuka mwenyewe, kisha nikambebesha mtoto mshtuko wangu na kujaza kurasa sita: dhamira ni hofu ya kifo. Mwalimu alipigia mstari sentensi moja tu akauliza pembeni: "Baada ya kulikanyaga, anafanya nini?" Nikarudi kwenye matini. Anainama kujinasua, na mwandishi anasema waziwazi kwamba hakuwa na woga. Akiona meno ya marehemu anatoa kiyowe kidogo cha mshangao, halafu anaangaza macho huku na huku, anataka kujua. Bado anachuma maua! Ni pale anapochuma waridi la porini ndipo anapoona, kuzunguka mzizi wake, mabaki ya kitanzi yaliyooza. Kipande kingine cha kamba kimeng'ang'ania tawi la mwaloni, kinazunguka kwa upepo. Hapo ndipo anapoweka maua chini. Kwa hiyo maiti haikumtoa utotoni. Kilichomtoa ni kujua kwamba huyu mtu alinyongwa na watu. Nami katika kurasa zote sita sikuitaja ile kamba. Mtu aliyeuawa nilimgeuza pambo la kutisha, na hilo liliniuma kuliko alama nilizokosa.

3. Msiorodheshe tamathali kama bidhaa za duka. Mandhari inabadilika kabla ya fuvu: asubuhi ya kuku na jua, kisha bonde lenye giza, unyevu na ukimya. Taharuki imeanzia hapo, msisubiri mifupa.

4. Mmeona kwamba jina Myop, kama neno la Kiingereza "myopia", linadokeza kutoona mbali. Vizuri, lakini mkaishia hapo. Tazameni kisigino chake kinatua wapi: machoni mwa yule mtu, kati ya paji na pua. Mtoto asiyeona mbali anakanyaga macho. Hakuna insha hata moja iliyogusa sentensi hiyo. Rasimu ya pili ianzie hapo.