Mbona Wamenuna? Maswali yenu kuhusu wanamuziki wa okestra jukwaani

Safari hii barua nyingi zimeuliza habari za macho kuliko masikio: nyuso, mavazi, kuyumba, kukaa bure. Nimejibu kwa mpangilio zilivyonifikia.

Mwalimu, shikamoo. Kila Januari mosi natazama kwenye televisheni tamasha la Vienna. Muziki wenyewe ni wa kucheza, lakini wapigaji wamenuna utadhani wamepelekwa kwa lazima. Mimi nimekulia kwenye dansi. Huku mpiga gitaa asipochangamka tunamzomea. Hawa hawaipendi kazi yao? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Wengi wao wanaipenda sana, ila uso umeshapewa kazi nyingine. Mpiga fidla amebana chombo kati ya kidevu na bega. Macho yake yanagawanyika pande tatu: nota zilizo mbele yake, upinde wa kiongozi wa fidla, na mkono wa mwongozaji anaouona kwa pembeni. Mpiga obo au tarumbeta ndiye kabisa hana nafasi ya kutabasamu, kwa sababu midomo yake ni sehemu ya chombo. Jaribu kupiga mluzi huku unacheka, utanielewa.

Halafu kuna suala la karatasi. Mpiga gitaa wa dansi ameupiga wimbo uleule mamia ya usiku, vidole vinajua njia vyenyewe. Okestra kubwa hubadilisha programu karibu kila wiki, na mazoezi ni ya siku chache. Ukitaka kuona karatasi inavyowafunga, tafuta Aurora Orchestra ya London. Mwaka 2014, kwenye Proms, yale matamasha ya kila kiangazi jijini humo, walipiga simfoni ya 40 ya Mozart kwa kichwa, wamesimama, bila nota hata moja. Nyuso zikainuka, wakaanza kutazamana. Ni kazi ileile, lakini ukumbi mzima unawaona watu wengine kabisa.

Wala tusiende mbali. Wazee wa taarabu asilia kule Unguja, wapiga kanuni, udi na fidla, hukaa wametulia nyuso kavu, na mwimbaji naye husimama wima mikono ameshusha. Sijamsikia mtu akisema hawaipendi kazi yao. Tumezoea tu kwamba pale raha inatoka kwa wasikilizaji.

Hata hivyo, kwa mwongozaji uso ni silaha. Leonard Bernstein, akiwa na okestra hiyohiyo ya Vienna miaka ya 1980, aliwahi kurudia sehemu ya mwisho ya simfoni ya 88 ya Haydn mikono ameiteremsha, akiongoza kwa nyusi, macho na midomo peke yake. Video ipo, itafute. Utawaona hata wale walionuna wakizidiwa.

Binti yangu ana miaka kumi na mitano, anapiga chelo kwenye okestra ya vijana. Anayumba, anafumba macho, nywele zinaruka. Mwalimu wake anamwambia atulie. Mimi naona ndiyo raha yenyewe. Nani yuko sahihi? – Baba wa mpiga chelo, Nairobi

Mzee, wote wawili, ila mnazungumzia vitu viwili.

Kuna mwendo unaotangulia sauti na mwendo unaoifuata. Unaotangulia ni wa wenzake: ile pumzi anayovuta kiongozi wa chelo, bega linaloinuka kidogo, upinde unaosogea hewani kabla ya kugusa uzi. Ndivyo watu kumi wanavyoanza pamoja bila kuhesabu kwa sauti. Watazame okestra ya Berlin Philharmonic. Kundi lao la fidla huinamia nota nzito kwa pamoja, na wengi hudhani ni mbwembwe. Ni mawasiliano, na kwa chombo kikubwa kama besi ni nguvu pia, maana mkono peke yake hautoshi.

Mwendo unaofuata sauti ni wa hadhira, nao usiudharau. Mwaka 2007 watafiti Michael Schutz na Scott Lipscomb walichapisha jambo ambalo hadi leo hunichekesha. Walimrekodi mpiga marimba stadi, yale marimba makubwa ya okestra, akipiga nota moja kwa mkono unaofagia hewa kwa madaha, kisha nota ileile kwa mkono unaokatisha ghafla. Kwa sikio tupu urefu wa sauti ulikuwa mmoja. Lakini watu waliotazama video walisema nota ya mkono mrefu ilidumu zaidi. Nota imeshapigwa na imekwenda, mkono unaendelea kuirefusha kichwani mwa mtazamaji! Kabla ya hapo, mwaka 1993, Jane Davidson alikuwa ameonyesha kwamba watazamaji hutofautisha upigaji mkavu, wa kawaida na wa kutia chumvi kwa kuangalia mwili tu.

Kwa hiyo kuyumba kwa binti yako kuna thamani, siku anapopiga peke yake. Ndani ya kundi hesabu inabadilika. Pinde zote za chelo huenda upande mmoja kwa wakati mmoja, kwa alama alizoandika kiongozi wao kwenye nota. Mmoja akiyumba kwa mapigo yake mwenyewe, jicho la ukumbi linamwendea yeye na kuuacha muziki. Mbaya zaidi ni kufumba macho: hamuoni kiongozi wake. Mwongozaji Herbert von Karajan aliongoza akiwa amefumba macho miaka mingi na dunia ikamwita gwiji, lakini alikuwa na Berlin Philharmonic mbele yake. Binti bado.

Ningemwambia afumbue macho kwanza. Kuyumba kutajirekebisha kwenyewe akianza kuwafuata wenzake.

Ndugu mwandishi, habari hizi za mwonekano ni upuuzi. Muziki ni wa masikio. Mwanamuziki mzuri ni mzuri hata gizani. – Msomaji, Tanga

Ningependa sana uwe sahihi. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay, ambaye ni mpiga piano pia, alichukua rekodi za mashindano ya kimataifa ya muziki wa kiklasiki, washindani watatu wa fainali kwa kila shindano, akawauliza watu: nani alishinda? Baadhi walisikia sauti tu, baadhi waliona video yenye sauti, na baadhi waliona video bubu, vipande vya sekunde chache. Ukibahatisha, unapata moja kwa tatu. Waliosikia sauti tu hawakuizidi bahati. Waliotazama video bubu walipatia karibu nusu. Na wanamuziki wa kulipwa, waliosema kabla kwamba sauti ndiyo inayowaongoza, hawakufanya vizuri kuliko watu wa kawaida.

Kabla hujaitupa redio yako, kumbuka kwamba wote watatu walikuwa wamefika fainali. Pengo la sauti kati yao lilikuwa jembamba, kwa hiyo jicho likapata nafasi ya kuamua. Mweke mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kati yao na sikio litamtambua mara moja. Lakini waliotoa zawadi wenyewe walikuwa majaji waliokaa ukumbini wakitazama, na hapo ndipo pananikera mimi.

Okestra za Marekani zililijua tatizo hili mapema. Boston Symphony ilianza kutumia pazia kwenye usaili mwaka 1952, na nyingine nyingi zikafuata miaka ya 1970 na 1980. Mpigaji yuko nyuma ya pazia, majaji hawamwoni. Mahali pengine walitandika zulia, au wakawataka watu wavue viatu, kwa sababu kisigino kikigonga sakafu kinatangaza kwamba anayeingia ni mwanamke. Katika zile okestra tano kubwa za nchi hiyo wanawake walikuwa chini ya asilimia 5 mwaka 1970. Kufikia 1997 walikuwa karibu asilimia 25. Claudia Goldin na Cecilia Rouse, katika utafiti wao wa mwaka 2000, walisema pazia lilichangia sehemu nzuri ya mabadiliko hayo. Wapo wataalamu wa takwimu wanaobisha ukubwa wa mchango huo, na ubishi wao una hoja. Lakini sijakutana na mwanamke mpiga tromboni anayetaka pazia liondolewe.

Basi, kwa kuajiri, giza lako ni zuri na ninaliunga mkono. Kwa tamasha, mtu amelipa kiingilio, amevaa, amepanda daladala mbili. Ana haki ya kuona kazi ikifanyika.

Yule anayeshika matoazi nyuma kabisa, nimemhesabia: saa nzima kapiga mara moja. Analipwa sawa na wengine? – Fundi seremala, Dodoma

Kama programu ilikuwa simfoni ya Dvořák iitwayo “Kutoka Dunia Mpya”, umehesabu sawasawa: matoazi hulia mara moja tu, katika sehemu ya nne, tena kwa upole. Wenzake wa tromboni kwenye simfoni ya tano ya Beethoven hukaa sehemu tatu nzima wakisubiri ya mwisho. Analipwa, ndiyo. Akikosea fidla mmoja kati ya kumi na sita, hakuna atakayejua. Yeye akiwahi kidogo, ukumbi mzima unageuka. Namna ya kukaa huko nyuma nayo ni ufundi: hapekui mfukoni, halali, hakodolei macho watu wa balkoni. Anahesabu mapigo.

Kwa nini nguo nyeusi siku zote? – Msomaji, Kisumu

Ili wasionekane mmojammoja, hilo ndilo kubwa. Koti lenye mkia ni vazi la jioni la mabwana wa karne ya 19. Mabwana wenyewe waliliacha, wapigaji wakabaki nalo. Okestra ya Vienna, ambao hawakumpokea mwanamke kama mwanachama kamili hadi 1997, walishonewa suti mpya mwaka 2017 na Vivienne Westwood na Andreas Kronthaler. Ni suti nzuri, ila ukikaa mbali huoni tofauti.

Waliovunja kanuni kwa kishindo ni vijana wa okestra ya Simón Bolívar kutoka Venezuela, Proms ya 2007, wakiongozwa na Gustavo Dudamel. Walivaa jaketi za rangi za bendera yao, wakasimama, wakazungusha vyombo hewani, wakacheza. Ukumbi ulipagawa. Tangu hapo nimeona okestra nyingi zikiwaiga, na mara nyingi inachosha, kwa sababu inajulikana kabisa kwamba wameambiwa wafurahi.

Mimi ni wa Unguja. Kwetu wimbo ukinikuna nainuka, nacheza hadi mbele, namtunza mwimbaji. Nimesoma kwamba kwa hawa hata kupiga makofi katikati ni aibu. Kweli? – Bibi harusi wa zamani, Mjini Magharibi

Kweli, mama, lakini ni desturi iliyokuja baadaye. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kwamba hadhira ilishangilia katikati kabisa ya sehemu ya simfoni yake mpya, na hakulalamika hata kidogo. Alikuwa ameitunga ile sehemu akijua itawashika. Mwaka 1813, Beethoven alipotoa simfoni yake ya saba, watu walidai sehemu ya pili irudiwe palepale. Ukimya wa leo ulikolea kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Siku hizi wapigaji wengi hawaudhiki makofi yakitoka baada ya sehemu kali. Wanaokunja uso ni majirani zako wa siti. Noti lakini usipeleke. Mpiga fidla hana mkono wa kuipokelea.

Niko Berlin kimasomo. Rafiki amenipa tiketi ya Philharmonie, lakini siti iko nyuma ya okestra. Nimeonewa? – Mwanafunzi kutoka Bukoba

Hapana. Ukumbi ule, aliouchora Hans Scharoun na kufunguliwa mwaka 1963, uliwekwa jukwaa karibu katikati makusudi, watu wakalizunguka. Huko nyuma unamwona mwongozaji usoni, kama wanavyomwona wapigaji. Utaona nani anatazamwa kabla ya kuingia, nani anashukuriwa kwa jicho, nani amepitwa na zamu yake na jirani akamfichia. Baada ya siti hiyo, mgongo wa mwongozaji hautakutosha tena.

Gharama yake ni mizani ya sauti: ngoma na tarumbeta ziko puani pako, fidla ziko mbali. Na waimbaji wa peke yao husimama mbele wakiwapa mgongo watu wa upande wako. Angalia programu kwanza. Kama usiku huo kuna mwimbaji, mwombe rafiki yako mbadilishane.