Kufa twafa wote, lakini lini?

Bwana, wasema kifo hakichagui, huku Mombasa tajiri wa Nyali na maskini wa Likoni ni sawa. Umri hauko sawa. Mja mzito wa Likoni akizidiwa usiku, hospitali ya huko ikishindwa hupelekwa Coast General, kisiwani, na feri iko mbele yake. Wa Nyali avuka daraja na gari lake. Halafu Owino Uhuru, mtaa wa mabanda kule Mikindani: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza 2007, kikafungwa 2014, watu washaingiwa na sumu ya risasi, yale madini ya betri, watoto kwa wazee. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Moshi ule Nyali ungemaliza wiki kweli? Na kipindupindu sijakitaja bado.