Re: Filta inaganda kila saa 12 na aPTT iko sawa, tatizo ni nini?

Mkuu, umesema mgonjwa wenu wa ICU hapa Dar yuko kwenye dayalisisi ya mfululizo (mashine inasafisha damu yake kupitia filta bila kukoma), heparini ya kuzuia damu kuganda inaingia, aPTT (kipimo cha muda wa damu kuganda) sekunde 55, na bado filta inaganda kila baada ya saa 12. Usipandishe heparini kwanza.

Anza na katheta, mrija unaotoa damu mwilini kwenda kwenye mashine. Presha ya kuvuta ikizidi kuwa hasi, au pampu ikisimama kila mgonjwa anapogeuzwa, damu inalala ndani ya filta na hakuna heparini ya kuiokoa. Alamu ishughulikiwe papo hapo, hata katikati ya kubadilishana zamu.

Kisha piga hesabu. Damu 150 ml kwa dakika ni 9,000 kwa saa. Himatokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ikiwa 30%, plazima, yaani majimaji ya damu, ni 6,300. Maji ya kufidia yanayoingia baada ya filta yakiwa 1,500 na unamtoa mgonjwa 200, unakamua 1,700, yaani 27% ya plazima. Damu inatoka nzito mno. Pandisha mtiririko hadi 200, asilimia inashuka karibu na 20. Au hamishia sehemu ya maji hayo kabla ya filta.

Sasa hiyo aPTT yenyewe. Imetolewa wapi? Ikitoka kwenye katheta ya dayalisisi, au mkono unaopokea heparini, haina maana. Kichupa cha kifuniko cha bluu kisipojaa hadi mstari, jibu linasoma juu kuliko ukweli. Kikisubiri maabara zaidi ya saa 1 bila kuzungushwa kwenye sentrifuji, chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda) zinatoa protini inayoimeza heparini na jibu linasoma chini. Kwa foleni za maabara zetu, andika saa ya kutoa damu kwenye kichupa.

Angalia chembe sahani kila siku. Zikishuka kwa nusu kati ya siku ya 5 na ya 10 huku filta zikiganda ovyo, huenda heparini yenyewe ndiyo chanzo: simamisha yote, hata ile ya kufungia katheta.

Wengine hapa wamekushauri uhamie sitrati, inayozuia damu kuganda ndani ya filta kwa kushika kalsiamu. Ni nzuri, filta inadumu zaidi, lakini kama mashine ya gesi za damu, inayopima kalsiamu huru (ile isiyoshikwa na kitu), haipo karibu usiku na mchana, msianze. Kalsiamu huru baada ya filta iwe 0.25–0.35 mmol/l, ya mgonjwa 1.0–1.2. Pima saa 1 baada ya kila badiliko, kisha kila saa 4 hadi 6. Sirinji mbili za sampuli, ya filta na ya mgonjwa, zibandikwe lebo palepale kitandani: zikibadilishana, mtu ataona 0.3 ya filta na kumsukumia mgonjwa kalsiamu asiyoihitaji. Na heparini ya maji ikibaki ndani ya sirinji inashika kalsiamu, namba inashuka kwa uongo.

Ini likiwa limechoka au mgonjwa yuko kwenye shoki, pima na kalsiamu ya jumla. Gawanya kwa kalsiamu huru, ikizidi 2.5, hasa kama tindikali inapanda na mahitaji ya kalsiamu hayaishi, sitrati inarundikana. Ipunguze au izime, ongeza maji ya dayalisisi, endelea kufidia kalsiamu.