Baiskeli ya kwanza ukubwani: mpya ya gia au mtumba wa Kijapani?

Dada ameuliza anunue ipi kati ya baiskeli mpya ya gia yenye springi mbele na ile ya mtumba kutoka Japani, ikiwa hajawahi kuendesha, anakaa Shangani na kazi yake iko Mikindani. Nami nilijifunza ukubwani, hapa hapa Mtwara, nikiwa tayari nina watoto. Jibu langu ni mtumba, mradi tairi zake zipatikane kwa fundi aliye karibu nawe.

Naanza na tairi kwa sababu wauzaji hawalizungumzii. Baiskeli nyingi za Kijapani zimeandikwa ubavuni mwa tairi 26 x 1 3/8, ilhali zile za gia huandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.10. Zote huitwa "ishirini na sita", lakini ringi zake hazilingani: mahali tairi linapokaa, ya kwanza ina kipenyo cha milimita 590 na ya pili 559, kwa hiyo tairi la gia haliingii kwenye ringi ya Kijapani hata fundi akilivuta kwa nguvu zake zote, na la Kijapani hulegea kwenye ringi ya gia. Soma maandishi hayo kabla ya kutoa pesa, kisha umuulize fundi wa mtaani kwako kama anazo tairi na tyubu za namba hiyo. Akikuambia mpaka ziagizwe Dar es Salaam, iache, hata ikiwa inang'aa.

Kuhusu springi, zile za bei nafuu huongeza uzito tu na hunywa sehemu ya nguvu unayoikanyagia pedali. Njia yako ni ya lami, kama kilomita kumi hivi, na kinachonichosha mimi huko ni upepo wa kusi kuliko kilima chochote. Ungekuwa unakwenda Msimbati, kwenye mchanga, ningekushauri vingine, kwani huko tairi nene lenye upepo mdogo ndilo linalopita.

Fremu ya kike, ile iliyoinama katikati, si ya wanawake peke yao. Kwa anayejifunza ni salama zaidi, kwa kuwa unashuka bila kurusha mguu. Tafuta pia yenye kava la cheni, maana kanga au gauni likishikwa na cheni utaanguka.

Kwa hewa yetu ya chumvi, kutu ndiyo inayoua baiskeli za pwani, na rangi mpya huificha. Mwombe muuzaji alegeze nati ya kiti, kisha ushike kiti kwa mikono miwili ukizungushe. Kikizunguka na kupanda, vizuri. Kikigoma, bomba lake limeshikana na fremu kwa kutu, na hutaweza kukirekebisha urefu. Baada ya hapo inua gurudumu, lizungushe na utazame nafasi iliyopo kati ya ringi na raba ya breki: ikiwa inapanuka na kubana kila mzunguko, ringi imepinda au spoku zimelegea. Spoku fundi hukaza kwa muda mfupi. Ringi iliyopinda vibaya ni sababu ya kuondoka.

Jaribu breki zote mbili. Kwa kawaida za Kijapani huwa na breki ya mbele mkono wa kulia, na ukiibana peke yake ghafla kwenye mteremko unaweza kurushwa mbele, kwa hiyo zoea kuanza na ya nyuma.

Wakati wa kujifunza, shusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini ukiwa umekaa, fungua pedali, na ujisukume kwa miguu kwenye uwanja mgumu usio na mchanga mpaka mwili uzoee mizani. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume na ile ya kulia. Ukilazimisha utaharibu meno yake. Ukishaweza kwenda bila kugusa chini, rudisha pedali na upandishe kiti kidogo kidogo, hadi kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa mguu uwe umenyooka. Wengi hapa mjini huendesha kiti kikiwa chini mno, kisha wanalalamika magoti.