Mama, wape kazi ya pili

Mama, salaam aleikum. Swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema umerithi duka la marehemu baba yako Kibokoni, Mji wa Kale, halina mpangaji, na una laki moja unayotaka iwafae vijana wachoraji wa hapa mjini. Umefikiria kuandaa mashindano, mshindi azichukue zote. Mimi nachora kwa kulipwa hapa Mombasa tangu 2008, na nakuomba sana usifanye mashindano.

Mwaka 2007 niliwahi kushinda. Nilikuwa na miaka 19, nakaa Kisauni. Nikapewa kikombe, fulana na sh 5,000, nikapigwa picha na wakubwa. Mama yangu akakiweka kikombe juu ya kabati la vyombo. Miezi minane nikangoja simu kutoka kwa wale niliopigwa picha nao, haikuja. Pesa ziliisha wiki ile ile. Lililoniumiza zaidi ni kwamba nilishaitwa msanii mbele za watu, nikawa naona haya kuomba kibarua.

Aliyeninyanyua ni fundi mmoja wa mabango Mwembe Tayari, Mungu amrehemu. Alinipa bango la kinyozi, nikalichora siku mbili. Alipokuja kulitazama hakusema neno. Alitoa uzi mfukoni, akaupaka chaki, akanishikisha ncha moja, akauvuta na kuupiga kwenye ubao. Mstari ulipobaki pale ndipo nikaona herufi zangu zote zinapanda upande wa kulia. Akanilipa sh 800 tulizopatana, hakupunguza hata shilingi. Halafu akaniambia: "Jumatatu njoo, kuna bango la duka la dawa. Na uje na uzi wako."

Jumatatu ile ndiyo iliyonifanya mchoraji. Kazi ya kwanza mtu anaweza kupewa kwa huruma, au kwa kuwa ni mtoto wa fulani. Ya pili hupewa kwa sababu ile ya kwanza imetazamwa, imekosolewa, imelipwa, na mwenye kazi bado anakutaka. Vijana wengi wa mji huu wanayo kazi moja nzuri kwenye simu, wanaionyesha mwaka mzima. Hawajapata mtu wa kuwaambia njoo Jumatatu.

Sasa hesabu yako. Laki moja ni kazi 8 za sh 12,500. Chukua vijana 4, kila mmoja kazi 2, na ya pili ije miezi mitatu baada ya ya kwanza, akiwa amekwisha kusahihishwa. Si lazima zote ziwe zako. Zungumza na jirani mwenye mkahawa au mshona nguo, wewe utoe nusu naye atoe nusu. Kijana akutane na mteja anayesema rangi hii siitaki, ajifunze kumjibu kwa adabu bila kuinamisha kichwa. Ukitaka wachore ukuta wa nje wa duka, pita kwanza ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale. Nyumba za huko zinalindwa kisheria, na si vizuri kijana aanze kwa kuambiwa afute.

Siku ya kwanza mpe arbuni, nusu ya malipo. Akiikosa atanunua rangi hafifu, na kwa chumvi ya hewa yetu ukuta utabanduka kabla ya mwaka, lawama zote zimwendee yeye. Iliyobaki mpe siku anayomaliza. Nawajua wachoraji wenye mkono mzuri kuliko wangu ambao leo wanaendesha tuktuk. Kazi walikuwa nazo. Walichoka kuambiwa "njoo kesho".

Jambo jingine ni karatasi, na hapa nitasema sana kwa sababu liliniuma mwenyewe. Mwaka 2012 mfanyabiashara mmoja aliniagiza mchoro wa leso. Nikamchorea pindo la korosho, na katikati, kwenye mji, jahazi lililotweka tanga. Jina, yaani yale maneno ya chini, akaweka mwenyewe. Akanipa sh 3,000, nikafurahi. Hatukuandikiana chochote. Baadaye nikawa naiona leso yangu kwenye feri ya Likoni, mara kwa kijani, mara kwa zambarau, mara kwa nyekundu, kina mama wamejifunga. Nikamwendea, akaniambia ulishalipwa. Nikaja kujua kuwa sheria ilikuwa upande wake: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa haki yake inahamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Na haki ya mchoro hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nilikuwa nimeuza mpaka ya wajukuu wangu kwa sh 3,000.

Kwa hivyo mama, hata wewe unayewatakia mema, andikianeni. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha: mchoro ni wa nini, utatumika wapi, utachapishwa mara ngapi, haki inabaki kwa nani, arbuni kiasi gani. Saini mbili, kila mmoja abaki na nakala. Akishazoea kwako hataona haya kumdai mtu mwingine. Na awe na PIN ya KRA, namba ya mlipa kodi. Hoteli moja ilinikata asilimia 5 nikadhani nadhulumiwa, kumbe ni kodi ya zuio, ile anayokata anayekulipa na kuipeleka KRA kwa jina lako, na cheti chake kilinifaa niliporejesha hesabu zangu za mwaka.

Kuhusu duka lenyewe, nenda Changamwe ukaangalie wachongaji wa Akamba Handicraft. Ni ushirika ulioanza 1963. Mchongaji anashinda na tezo yake kivulini, kinyago kinakaa dukani kikimngoja mteja. Hana haja ya kuzurura ufukweni akibembeleza watalii. Duka lako linaweza kuwa hivyo: picha ukutani, bei imeandikwa, daftari la nani kauza nini. Usiwatoze kodi ya duka miezi ya Aprili hadi Juni, mvua za masika zinaponyesha na mahoteli yako matupu. Ramadhani nayo harusi hazipo, na wapambaji wa kumbi na wapaka hina wanakaa bure hadi Mfungo Mosi, mwezi unaofuata. Wafungulie mchezo wa kuchangiana pesa, kila mtu atie sh 200 kwa wiki katika miezi ya neema, zigawanywe miezi hiyo isiyo na kazi.

Ukiwapata hao wanne, niandikie. Nitakuja Jumatatu na nyuzi nne na chaki, tuanze na ubao wa jina la duka.