Hakuna jina la muda kwenye cheti cha kuzaliwa: usimwandike mtoto "Abdul" eti mtarekebisha baadaye

Mkuu, simama hapo hapo. Usirudi kituo cha afya na hiyo fomu ya kumsajili mwanao kabla hujasoma hapa. Hongera nitakupa baadaye.

Umesema kijana ana wiki moja, mmekubaliana arithi jina la baba yako mzazi, Abdulrahman. Wewe ni Hamisi. Mama yake anamwita "Babu" kwa sababu hawezi kulitamka jina la mkwewe, shangazi zake wameshamzoesha "Dula", na aliyewajazia fomu kawaambia "wekeni Abdul tu kwa sasa, mengine mtarekebisha akianza shule". Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Watu wa namna hii wamejaa kwenye madirisha ya ofisi na kwenye vibanda vya kujaza fomu. Wanataka foleni isogee, jina refu linawachosha mkono, na siku ya marekebisho hawapo. Utakayezunguka ni wewe, na baada yako mwanao akiwa mtu mzima.

Tazama jina linavyotembea. Tangazo la kizazi ulilopewa hospitali ndilo linalozaa cheti cha RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Cheti ndicho kinachopelekwa darasa la kwanza. Shule inamsajili kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, na jina lililoingia humo ndilo linalokwenda naye mpaka mtihani wa kumaliza msingi, kisha sekondari, kisha cheti cha kidato cha nne. Akifika NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, wanaomba cheti cha kuzaliwa na cha shule, wanavilaza pamoja. Akiomba mkopo wa chuo HESLB, yaani bodi ya mikopo, cheti chake cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA kwanza. Pasipoti nayo inadai cheti hicho. Sasa cheti kiseme Abdul Hamisi na cha kidato cha nne kiseme Abdulrahman Hamisi: mbele ya karani hao ni watu wawili, na mwenye kazi ya kuthibitisha kuwa ni mmoja ni kijana wako.

Kurekebisha kunawezekana, sikatai, lakini angalia inavyokwenda. Mtoto akiwa mdogo unarudisha cheti halisi, unaapa kiapo mbele ya wakili au hakimu, unaambatanisha tangazo la kizazi, kadi ya kliniki na chochote chenye jina sahihi. Na kama kadi ya kliniki nayo imeandikwa "Babu Hamisi", ushahidi wako mwenyewe unakugeuka. Akishakuwa mkubwa mnaingia kwenye hati ya kubadili jina, wakili, usajili wa hati, ada juu ya ada. Na cheti cha mtihani ambacho kimeshatoka usikitegemee kabisa kwamba kitaandikwa upya kwa ajili yako.

Lakini kuna kosa baya kuliko hilo la kukata jina, na wewe umeshaanza kulifanya bila kujua. Kwenye ujumbe wako jina la mzee umeliandika namna tatu: Abdulrahman, Abdulrahmani, na mahali pengine "Abdul Rahman", kwa nafasi katikati. Hiyo nafasi ndiyo hatari yenyewe. Fomu ina sehemu tatu: jina la kwanza, la kati, la mwisho. Karani akisikia "Abdul Rahman Hamisi" anajaza Abdul, Rahman, Hamisi. Hapo baba wa mtoto amekuwa Rahman, wewe umesogezwa ukawa babu, na babu mwenyewe, ambaye mtoto anarithi jina lake, ametoka kwenye karatasi. Kwenye mirathi, au ukitaka kumwandikisha kuwa mtegemezi wako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, utaulizwa huyu Rahman ni nani.

Na kwako kuna jambo la ziada. Mtoto akirithi jina la babu, jina hilo linakaa mara mbili: Abdulrahman Hamisi Abdulrahman. Yakitofautiana hata kwa herufi moja, mwanzo bila "i" na mwisho na "i", kila anayekipokea hicho cheti atadhani kimechezewa.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa kitambulisho chako cha NIDA. Jina lako la pili ndilo jina la mzee. Herufi zilizoko pale ndizo hizo hizo, hata kama wewe binafsi unaona si tahajia nzuri, hata kama shehe anakwambia Kiarabu chake ni tofauti. Jina lako la kwanza nalo linakiliwe lilivyo: kama kitambulisho kinasema Hamisi, asiandike Hamis wala Khamis. Andika yote matatu kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, nafasi ziwe mbili tu, kati ya jina na jina. USITAMKE jina dirishani. Toa karatasi. Jina likitamkwa, kila karani anaandika alivyozoea: Ally, Ali, Alli, Selemani, Suleiman, Yusufu, Yusuph, Emmanuel kwa m moja. Akimaliza kujaza, omba uone kabla cheti hakijachapwa, uweke kidole chini ya kila herufi huku ukilinganisha na karatasi yako. Atanuna. Mwache anune. Ukishapewa, soma tena pale pale dirishani, usisubiri kufika nyumbani.

Kama bado mnabishana nyumbani, malizeni ubishi kwanza ndipo muende. Usajili wa kawaida una siku 90 tangu kuzaliwa, nanyi mmetumia wiki moja tu. Hakuna anayewafukuza. Ila msilale mpaka zikapita, maana uchelewaji nao una taratibu zake. Na wenye dini watakwambia kwamba Abdul peke yake ni jina lililokatwa katikati, kwa hiyo hata upande huo hukupata faida yoyote.

Jina la utani umeuliza lipi zuri. Lolote, mkuu, maadamu halikanyagi karatasi. Dula watu wamezoea kumwita mtu mwenye jina la Abdallah, lakini hakuna atakayekushitaki. Abduli lipo, Mani lipo. Rashidi anaitwa Chidi, Bakari anaitwa Beka, Mohamedi anaitwa Mudi, na wote wana vyeti safi kwa sababu Chidi na Beka zimebaki mtaani. "Babu" ni zuri na lina heshima yake. Mama yake aendelee nalo bila wasiwasi, watoto waliorithi majina ya wakwe ndivyo wanavyoitwa nyumba nyingi. Shida ya "Babu" ni moja tu: linamganda mtoto mpaka mwenyewe akiitwa Abdulrahman haitiki. Akianza kuongea, mfundishe majina yake matatu kwa mpangilio, ayaseme kama anavyosema jina la mtaa wake.

Kadi ya kliniki iangalie leo. Kama imeandikwa "Babu" au "Mtoto wa" fulani, siku ya chanjo inayofuata mwombe muuguzi aandike jina kamili wakati kadi bado haina mambo mengi.

Chekechea ndiko majina ya nyumbani yanakopenyea kuliko mahali pengine, maana mwalimu anaandika anachoambiwa mlangoni na daftari hilo ndilo linalofuatwa akipanda darasa. Siku ya kumwandikisha nenda wewe mwenyewe na kopi ya cheti. Usimtume shangazi anayemjua kwa jina la Dula.