Nimestaafu, nimepewa kamera, nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mama wa miaka 61, nilikuwa nesi, nimestaafu mwaka jana nipo Tanga mjini. Mwanangu kaniletea kamera ya Canon ya mtumba, ile ya kubadilisha lenzi, nimeipenda sana ila nikipiga wajukuu nyuso zinatoka nyeusi tii huku nyuma kunawaka, halafu nikichungulia kwenye kile kitundu naona ukungu tu. Kijana mmoja wa studio kaniambia ninunue lenzi nyingine ndo picha zitakaa sawa, na bei yake ni pensheni ya miezi miwili. Kwa umri huu najifunza kweli au niwaachie vijana? – Mama Mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa kustaafu salama. Lenzi usinunue. Hiyo uliyonayo, hasa kama imeandikwa 18-55, inakutosha mwaka mzima na zaidi, na hayo matatizo yako mawili hata ungenunua lenzi ya milioni yangebaki palepale.

Tuanze na ukungu. Pembeni ya kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo, wengi hawakioni kabisa, kazi yake ni kukifuatisha kitundu na macho ya mtu. Chungulia, angalia zile namba zinazowaka chini, zungusha taratibu mpaka zisomeke vizuri, basi.

Sasa nyuso, hapa ndo pana somo lenyewe. Kamera haijui kwamba unampenda huyo mtoto, yenyewe inapima mwanga wa eneo lote inatafuta wastani, sasa akikaa mlangoni au bahari ikiwa nyuma yake kule kunawaka kwelikweli, kamera inaona mwanga umezidi inapunguza kila kitu na uso unazama, na kwa ngozi zetu nyeusi unazama zaidi. Mgeuze yeye, mwanga umpige usoni badala ya mgongoni. Kivuli cha baraza mtoto akitazama uani ni studio tosha, na mimi naamini kabisa hakuna mwanga mzuri kwa sura ya Mwafrika kuupita huo. Ukishindwa kumgeuza tafuta kitufe chenye alama ya +/- upeleke mpaka +1, piga tena uone.

Na saa nayo ina maana mama. Sisi tupo karibu na ikweta, jua likichomoza linapanda wima, saa tatu asubuhi tayari linachoma na macho ya watu yanageuka mashimo. Amka piga mpaka saa mbili, pumzika, rudi saa kumi na moja jioni.

Kuhusu umri, kulikuwa na mama mmoja Uingereza, Julia Margaret Cameron, alizaliwa India mwaka 1815, kamera ya kwanza alipewa na binti yake na mkwewe mwaka 1863 akiwa na miaka 48, enzi za kupiga kwa vioo na madawa yanayochafua mikono. Banda la kuku akaligeuza studio, akawa anapiga majirani, ndugu na wafanyakazi wa nyumbani, na mwaka 1865 makumbusho ya London ambayo leo inaitwa Victoria and Albert ikanunua picha zake. Ndani ya miaka miwili!

Wewe una kitu ambacho kijana wa studio hana, umekaa na watu miaka yote hiyo wakiwa wagonjwa, unajua uso wa mtu ukilegea na ukikaza. Kwahiyo usihangaike na twiga wala machweo, anza na wanawake wenzako waliostaafu, mmoja mmoja barazani kwake, piga stori kwanza mpaka asahau kamera ipo, ndo upige. Rudi kwa huyohuyo wiki ijayo, utaona tofauti mwenyewe. Ukimaliza printi chache umpelekee, maana watakuita hata kwa wajukuu zao.

Ila Tanga unyevu mwingi, lenzi inaota kuvu kwa ndani na kuisafisha ni gharama. Iweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.